Ufunguo wa Mtakatifu Alessio

Lucca, tarehe 20 Septemba 1489

Kwa mpwa wangu Taddea, mke wa Corsino mfuma hariri, huko Bologna.

Mji huu wa Lucca, mpwa wangu, umesimama juu ya watu watatu: Askofu, Mkuu wa Baraza la Wazee, na mimi mjomba wako Bettino. Na hao wawili wa mwanzo wana makamu wa kuwashikia zamu wakipata mafua. Mimi sina. Nikiugua mimi, wagonjwa wanalala barabarani.

Sisi huku wazima. Mke wangu Piera anakohoa, lakini sauti haijapungua hata kidogo. Kuku wake wote wameliwa na mbweha mwezi uliopita, na lawama zimeniangukia mimi, eti banda halikufungwa, eti ufunguo haujulikani ulipo. Nikamwambia, mke wangu, mtu anayelinda hospitali nzima umpeleke akalinde kuku? Hajanisemesha tangu siku hiyo, na nimenenepa kwa utulivu. Mama yako anakusalimu sana. Zabibu zimekuja nzuri.

Sasa habari yenyewe. Mzee Landuccio, msimamizi wetu wa Hospitali ya Mtakatifu Alessio, amefariki. Alikula supu yake, akaisifu, akalala, basi. Mungu ampokee, ndiye aliyenifundisha kuandika, na kama asingekufa mapema angenifikisha mbali. Udongo wa kaburi lake haujakauka, ugomvi umezuka juu ya nani atamweka msimamizi mwingine. Askofu anasema: pana altare, pana padri, hospitali ni ya Kanisa. Baraza la Wazee wanasema: walioijenga walikuwa wafanyabiashara wa sufu, wenye wake na watoto, hospitali ni ya mji. Usiku wa maandamano ya sanamu ya Uso Mtakatifu, mshumaa wa hospitali yetu ulikosa pa kutembea. Mapadri wananiita huku, watu wa Baraza wananiita kule, nami nimeubeba, nta inanidondokea masharubuni. Nikatembea katikati, peke yangu. Watu walidhani mimi ni balozi wa mfalme fulani.

Usiwe na wasiwasi. Ufunguo wa lango ninao mimi kiunoni, mrefu kama mkono wa mtoto. Atakayeingia ataingia kwa hisani yangu.

Mjomba wako,
Bettino, Mlinzi Mkuu wa Lango

*

Bologna, tarehe 9 Oktoba 1489

Mjomba wangu Bettino,

Nakuamkia kwa heshima. Barua yako imeletwa na Lippo mwenye nyumbu, imelowa lakini inasomeka. Tumesikitika kwa ajili ya mzee Landuccio. Mpe Piera pole ya kuku, na pole nyingine anajua mwenyewe ya nini. Corsino anafuma mchana kutwa, mama mkwe wangu anamsimamia, mimi namsimamia mama mkwe. Nina habari moja ya furaha: nina mimba. Mungu akipenda nitajifungua kabla ya Kwaresima.

Mjomba, umeandika ukurasa mzima, na mama yangu amepata mstari mmoja, kabla ya zabibu. Nikukumbushe jambo unalolijua kuliko mimi. Baba alipofariki, mama aliitoa nyumba yetu kwa Mtakatifu Alessio, ili apewe kile chumba cha juu uani hadi atakapokufa, naye awahudumie wanawake wagonjwa. Ni wewe uliyemwambia, “Dada, toa nyumba, hapa hutatoka kamwe.” Nyumba imekwishauzwa. Mama hana pengine.

Huku nimeona mambo. Hospitali moja ilichukuliwa na watu wa Kanisa, wanawake kama mama wakaambiwa wavae shela, waweke nadhiri, wafungiwe ndani kama watawa. Asiyetaka, achukue mzigo wake. Nyingine ikachukuliwa na wakuu wa mji, wakaiunganisha na kubwa zaidi, na vyumba vya wajane vikawekwa magodoro ya wagonjwa. Si watu wabaya, mjomba. Kila mmoja alikuwa na sababu yake. Lakini wajane walikuwa barabarani vilevile.

Kwa hiyo naomba unijibu: Makamu wa Askofu anasema nini juu ya mama? Baraza je? Nimeshamwambia aje kwangu, nyumba ni ndogo lakini tutabanana. Kanijibu kupitia Lippo kwamba hawezi kumwacha mgonjwa katikati ya kijiko.

Mpwa wako,
Taddea

*

Lucca, tarehe 4 Novemba 1489

Mpwa wangu, mama mtarajiwa,

Nimesoma habari ya mimba nikapiga kelele hadi mgonjwa wa kitanda cha tatu, ambaye hakuwa amesema neno tangu ashuke punda, akauliza kuna moto wapi. Kwa hiyo umeponya mtu ukiwa Bologna. Kula njugu za chestnati za kuchemsha, usile za kuchoma. Za kuchoma zinazaa watoto wabishi. Mimi mama yangu alikula za kuchoma.

Piera amenisemesha. Amesema “Sogea.”

Umeniuliza mambo, nami nakujibu kwa mpangilio. Wiki iliyopita alikuja Makamu wa Askofu mwenyewe, Messer Ottaviano, mtu mnene mwenye adabu, na jibini la mviringo chini ya joho lake.

“Bwana Bettino,” kasema, “wewe ni Mkristo.”

“Tangu siku ya tatu ya kuzaliwa, Messer.”

“Basi unajua penye altare pana Kanisa. Siku nitakayokuja, utanipa ufunguo mkononi.”

Nikapokea jibini, nikamwambia altare yetu inavuja maji juu yake, kama ni ya Kanisa, paa je? Akacheka hadi tumbo likapiga mlango.

Kesho yake akaja katibu wa Baraza, Ser Frediano, mwembamba kama uzi, na majogoo wawili walionona.

“Bettino, wewe ni mzalendo wa Lucca.”

“Hata Pisa wanalijua hilo.”

“Basi sikia. Mwenye kujenga nyumba ndiye mwenye mlango. Ufunguo uje kwangu, si kwa mwingine.”

Nikaupigapiga ufunguo kiunoni, nikamwambia: “Ser Frediano, ninyi mna hoja. Mimi nina chuma.” Akaniachia majogoo, akaenda zake.

Wewe ni mtoto wa hapa, unajua mali inavyoshikwa. Karatasi pekee haitoshi. Lazima mtu aje kwa miguu yake, afungue mlango kwa mkono wake, aufunge, apige kengele, akae kitini, na mwandishi wa hati asimame pembeni aandike alichokiona kwa macho. Aliyeandikwa ndiye mshikaji. Mwingine atafute mwanasheria azeeke naye. Kwa hiyo wote wawili wanabembeleza mlango wangu. Jibini tumelila. Majogoo pia. Nimekula pande zote mbili bila upendeleo, hiyo ndiyo haki.

Mama yako anakusalimu sana. Nakutumia unga wa chestnati.

Mjomba wako,
Bettino

*

Bologna, tarehe 28 Novemba 1489

Mjomba,

Nakuamkia. Tu wazima, mtoto anapiga mateke, unga umefika. Asante.

Umeandika juu ya jibini, majogoo, na tumbo la Makamu. Nilikuuliza juu ya mama yangu. Ukikaa kimya mtu wa maneno mengi kama wewe, mimi silali.

Lippo anasema milima imeanza kupata theluji na hii ni safari yake ya mwisho hadi barafu ilegee. Amesema pia kwamba alipopita kwenu alimwona mama uani, na mzigo umefungwa kitambaa cha buluu umekaa juu ya sanduku lake. Kitambaa cha buluu ni cha harusi yake. Hafungi kitu humo ila akihama.

Niambie.

Taddea

*

Lucca, tarehe 20 Januari 1490

Mpwa wangu Taddea,

Barua yako ilisubiri milimani pamoja na Lippo, nyumbu, na wafanyabiashara wawili wa Modena waliochoka kutazamana. Imenifikia jana. Theluji hapa ilipanda hadi kwenye madirisha. Niliwavuta watu saba kwa mikono yangu, mmoja akiwa na ng'ombe wake. Piera anasema walikuwa wawili, na ng'ombe alijitoa mwenyewe. Piera hakuwepo.

Haya. Nitasema. Siku iliyofuata sikukuu ya Watakatifu Wote, mwanzoni mwa Novemba, Messer Ottaviano alimwambia mama yako, kwa upole kabisa, kwamba wanawake wa nyumba watachagua: shela na nadhiri, ama kuondoka. Mama yako akajibu kwamba alishaweka nadhiri kwa baba yako na imemtosha. Siku hiyohiyo nikamuuliza Ser Frediano, na Baraza lake je? Akasema chumba kile kina jua la asubuhi, kitafaa vitanda vinne. Ndipo mama yako akafunga mzigo. Kila nikipanda ngazi nauona umekaa pale juu ya sanduku kama mgeni asiyetaka kuvua kofia. Sikukuandikia. Ningekuandikia nini? Kumchukua kwangu nisingeweza. Weka mama yako Orsola na Piera jikoni moja, Baraza litahitaji kuleta jeshi.

Sasa sikia mjomba wako alivyofanya.

Siku ya Mtakatifu Lusia, katikati ya Desemba, asubuhi, Askofu amepata barua yake kutoka Roma ya kumpa hospitali, Baraza nalo limenusa. Wakafika langoni kwa wakati mmoja, Messer Ottaviano na mwandishi wake wa hati, Ser Frediano na wake. Mlango umefungwa, kwa desturi, ili ufunguliwe. Baridi ya kupasua mawe. Watu wa mtaa wote nje, na muuza mikate anauza.

“Ufunguo, Bettino,” kasema Makamu, na kunyoosha mkono.

“Ufunguo, Bettino,” kasema katibu, na kunyoosha wake.

Mama yako yu dirishani juu, anatazama. Kitambaa cha buluu nilikiona nyuma yake, kisha akatoweka dirishani.

Hapo, mpwa wangu, akili yangu ilifanya kazi kama kinu cha maji. Nikasema: “Mabwana, kufuli hili lina hasira zake. Ni mzee, halimjui mtu ila mimi. Rudini nyuma.” Nikaupa umati mgongo, nikaingiza ufunguo, nikazungusha, nikasukuma kwa bega. Krrr! Umefunguka.

“Kafungua nani?” anauliza mwandishi wa Askofu.

“Si Ser Frediano,” kasema Makamu haraka. “Andika hivyo! Kafungua Bettino.”

“Si Messer Ottaviano,” kasema katibu kwa mwandishi wake. “Andika! Bettino.”

Upepo ukaingia, wagonjwa wakaanza kulia. “Mlango!” bibi mmoja anapiga kelele, “mnatuua kwa hati zenu!” Nikaufunga. Wakaandika. Ilikuwa saa ya supu, na supu ya ngano ikipoa inakuwa saruji, nikapiga kengele, maana wagonjwa wa Mtakatifu Alessio hawamngoji Papa. Makamu alirukia kamba, lakini nimeshaiachia, na katibu alimshika joho.

“Kapiga nani?”

“Bettino!” Wote wawili, kama kwaya.

Bega likaniuma kwa ule mlango, nikaketi kwenye kiti kilichokuwa karibu. Kilikuwa cha mzee Landuccio. Mwandishi mmoja akamtazama mwenzake. Mwenzake akachovya kalamu.

“Inuka, mpumbavu wewe!” Makamu akanong'ona.

“Bega, Messer.”

“Andika kakaa,” kasema Ser Frediano. Alikuwa amekwisha kukata tamaa, anataka tu mwingine asipate.

Kwa hiyo, kwa mujibu wa hati mbili zenye mihuri, tangu siku ya Mtakatifu Lusia hadi wiki iliyopita, mshikaji wa Hospitali ya Mtakatifu Alessio alikuwa Bettino mlinzi wa mlango. Mji ulicheka hadi Pistoia. Watu walinivulia kofia sokoni. Nilifikiria kupunguza chumvi kwenye supu, lakini sikutaka kutumia vibaya madaraka.

Walipochoka kuchekwa, wakamchagua mwanasheria mmoja anayejua sheria za Kanisa na za mji. Ameamua hivi: kwa kuwa hakuna kati yao aliyeshika, nyumba inabaki kwa desturi yake. Padri wa altare atawekwa na Askofu. Msimamizi atakuwa raia, atachaguliwa na watu wa nyumba wenyewe, wanaume na wanawake, na Baraza litamthibitisha. Na waliotoa mali zao kwa makubaliano watakaa kwa makubaliano hadi kufa kwao. Askofu kapata altare, Baraza limepata muhuri, paa bado linavuja.

Mama yako amefungua mzigo. Kitambaa kimerudi sandukuni. Alipokuwa akikunja aliniambia, “Bettino, leo umenifaa.” Miaka hamsini nimemfahamu dada yangu, hajawahi kuniambia neno kama hilo.

Nililipanga lote, hatua kwa hatua.

Mjomba wako,
Bettino, aliyewahi kuwa Mshikaji

*

Bologna, tarehe 26 Februari 1490

Mjomba wangu mpenzi,

Nakuamkia kwa mikono miwili. Nimejifungua salama, mtoto wa kike, kichwa kikubwa, sauti ya Piera. Tumemwita Alessia. Corsino alilia kuliko mtoto.

Nimeisoma barua yako kwa sauti mbele ya mama mkwe, naye akacheka hadi akaacha kunisimamia jioni nzima. Nashukuru, mjomba. Nilikukasirikia tangu theluji ya kwanza, na leo sina hasira tena. Mama atabaki na jua lake la asubuhi. Majira ya joto nitampeleka mtoto akamwone, mradi asije akapewa kijiko naye alishe wagonjwa.

Ila kuna jambo. Lippo alipomweleza mama kwamba nimejifungua, mama alimpa baraka ya kuniletea, kisha akaongeza: “Mwambie Taddea amuulize mjomba wake habari ya ufunguo.” Lippo akamuuliza, ufunguo gani? Mama akaanza kucheka, akashika ukuta, akaingia ndani kwa wagonjwa wake. Lippo anasema hajawahi kumwona akicheka.

Haya, mjomba. Habari ya ufunguo.

Mpwa wako,
Taddea

*

Lucca, tarehe 15 Machi 1490

Mpwa wangu Taddea, mama Alessia,

Mtoto na akue, apate meno mazuri na mume mtulivu. Nimewatangazia wagonjwa wote, na wawili wamepata nafuu. Piera amemfumia soksi. Moja ni ndefu kuliko nyingine, mwambie mtoto asilalamike. Tumenunua kuku wapya, sita. Msimamizi mpya ni fundi viatu mstaafu, mtu mwema, anatembea akitazama miguu ya watu. Mlozi wa uani umechanua, na mama yako anawatoa wanawake wakae chini yake adhuhuri.

Maji ya mto Serchio yamepanda. Bei ya ngano pia. Nadhani sina habari nyingine.

Haya basi. Juni iliyopita nilikwenda mferejini kuosha miguu, nimekaa kwenye jiwe, nimetulia, nikainama kuchukua kiatu. Nilisikia kitu kikisema *chubwi*. Nilikaa pale nikitazama mapovu hadi yakaisha. Nilipapasa tope kutwa nzima, nikatoka na ndoo kuukuu na samaki mmoja.

Mlango wa Mtakatifu Alessio haujafungwa kwa kufuli tangu siku hiyo. Umevimba kwa unyevu, unakwama wenyewe. Ukijua pa kuweka bega, unaunyanyua kidogo, unasukuma. Mama yako anajua, kwa sababu kila jioni yeye ndiye anayeweka gogo kwa ndani, na ndiye aliyeshuka akalitoa asubuhi ya Mtakatifu Lusia aliponiona nimesimama pale natoka jasho katika theluji. Hakuna hila yoyote, mpwa wangu. Niliona mikono miwili imenyooshwa, na mtaa mzima unatazama, nikawaza jambo moja tu: nikimpa yeyote kati yao ufunguo huu, ataingiza, hautazunguka, na nitachekwa hadi kufa. Ndiyo maana niliwapa mgongo. Kengele ilikuwa supu. Kiti kilikuwa bega.

Mlinzi wa lango hawezi kutembea kiuno kitupu, ndipo nikachukua mwingine ulionifaa kwa urefu, ndio huo walioubembeleza kwa jibini na majogoo. Nakuomba usimwambie Piera, kwa sababu hadi leo anautafuta: ni wa banda la kuku.

Mjomba wako,
Bettino